Guruguru na Vielelezo vya Buibui

Masikio yako wapi?
Kichwani!
Yasogezeni.
Yamefika!

Huko Asia, ndani ya msitu wa mvua nilimowahi kupotea siku tatu nikijidai naijua njia, aliishi buibui mrukaji, Bi Kidoa. Mdogo kama punje ya mtama. Hatandi utando; akiona kitu, pyu! ameshakirukia. Yeye kijivu kama jivu. Mumewe, Mng'aro, mgongo kijani unaometameta.

Mfalme Chui Milia alitaka kuzijua aina zote za buibui. Akamteua Guruguru, mjusi mwenye tumbo lake, awe karani.

"Kila aina mpya ipe jina, uweke kielelezo kimoja, wengine walinganishwe nacho. Kimoja tu!"

Guruguru akaanza kazi. Akiona mwenye manyoya: "Aina mpya!" Gubu, kammeza! Akiona mwenye mistari: "Aina mpya!" Gubu! Akiona ndugu yake huyohuyo, ila kakaa kivulini: "Aina mpya!" Gubu!

Siku moja akamnasa Mng'aro, akamviringisha kwenye jani, akiba ya jioni.

"Aina mpya!"

"Mpya ya wapi, bwana karani? Huyo mume wangu! Sisi aina moja."

"Kijani na kijivu, aina moja? Mama, kalale."

Bi Kidoa akafuta macho yake yote manane.

"Kweli wewe msomi. Aina nzuri hivi! Mfalme akiiona, si atakuvisha kilemba?"

Guruguru akakiona kilemba kichwani mwake. Mbio hadi barazani na jani lake. Na mgongoni kwake, pyu! Bi Kidoa.

"Mfalme, aina mpya!"

"Mpya kuliko zipi?" Bi Kidoa akauliza kwa adabu. "Mfalme wetu ulisema walinganishwe."

"Nilisema. Karani, lete vielelezo."

Tumbo la Guruguru likajibu, ngrrr.

"Vi... vimehifadhiwa, mfalme."

"Wapi?"

"Pahali... pa joto."

Chui Milia akalitazama lile tumbo. Akalamba midomo.

"Na wewe, umeshaandikwa?"

"Bado, mfa..."

"Basi nahitaji kielelezo kimoja."

Guruguru huyoo! Chui akaukanyaga mkia, kach! Mwenyewe akatokomea, mkia ukabaki ukicheza peke yake.

Bi Kidoa akalifungua jani. Mng'aro mzima, miguu minane. Akaihesabu tena. Minane! Ndipo akamzaba kofi.

"Nani kakwambia ung'ae mbele ya karani?"

Akacheka, akalia, akacheka tena.

Ngano imeruka, aliye karibu aidake.
Tumeidaka!

Na funzo, wanangu: aminini sheria. Sheria humlinda mnyonge, mradi mfalme hajapata chakula cha mchana.