Maji Ndani ya Mlima

"Mwenge ukizimika, sikio huwaka." Maneno haya mmeyasikia leo kwa mjomba wenu, tochi yake ilipozima tukimsaka mbuzi korongoni, nanyi mmenijia kuuliza yametoka wapi. Basi sogeeni. Methali hii chanzo chake ni hiki.

Huko juu milimani Upare, zamani sana, chemchemi ya kijiji kimoja ilikauka. Watu wakaanza kufunga mizigo wateremke tambarare. Namkunda hakufunga kitu. Mama mkwe wake alikuwa mkongwe asiyeweza kutembea, na njia ya kuteremka ilikuwa mawe matupu na magenge. Kumbeba ni kumuua, kumwacha ni kumuua.

Asubuhi moja, akifagia uani, alimwona mbayuwayu akijenga kiota chini ya paa. Mdomoni alikuwa na tope bichi. Namkunda akaachia ufagio. Tope, katika nchi iliyopasuka kwa kiu? Alimfuata ndege yule kwa macho, akamwona akipaa mpaka juu, akapotelea nyuma ya genge lenye pango ambalo hakuna aliyewahi kuliingia.

Alimwendea shemeji yake Kirumbe, mrina asali, aliyezoea kamba na mwenge.

"Shemeji, mlima ule una maji."

"Nani kakwambia?"

"Ndege."

Kirumbe alimtazama, kisha akamtazama mama yake aliyelala juu ya ngozi. Akachukua kamba.

Kamba waliifunga kwenye mti mlangoni mwa pango, wakaingia wakiinama. Mbele kidogo njia ikapanuka, na mwenge ukawafunulia mambo ambayo hawakupata kuyaona: mawe meupe yaning'iniayo kama viwele vya ng'ombe, mengine yakiota kutoka chini kuyalaki, kuta zinang'aa kana kwamba zimepakwa samli, popo wamejaa darini hata mwamba hauonekani. Moyo wa Namkunda ulidunda kwa furaha. "Njoo uone hili, shemeji," alisema, na kabla Kirumbe hajafika, yeye keshaona lingine. Hata Kirumbe, mtu wa maneno machache, siku hiyo aliropoka kama mtoto, na pango likawarudishia sauti zao mara mbili tatu.

Kelele hizo ziliwaamsha popo. Waliruka wote kwa mpigo, mwenge ukamponyoka Kirumbe, ukaangukia penye unyevu na kuzimika.

Giza likawafunika. Hata mkono wa mtu mwenyewe haukuonekana.

"Basi tena," alisema Kirumbe. "Kamba tunayo. Turudi."

"Nyamaza kwanza, shemeji."

Wakanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Mabawa yakatulia. Ndipo kutoka mbali, upande wa kulia, ikaja sauti nyembamba ya maji yakichuruzika.

"Unasikia?" alinong'ona Namkunda.

"Nasikia. Yalikuwa yakilia muda wote huu?"

"Yalikuwa. Sisi ndio tuliyafunika kwa maneno."

Wakaifuata sauti wakitambaa. Namkunda alitangulia, akirusha kokoto mbele yake. Kokoto likilia kwenye mwamba, wanasogea. Akarusha moja, lisilie. Akangoja, pumzi kaibana, mpaka likasikika likigonga chini kabisa, kwenye shimo lililokuwa mbele ya magoti yake. Kirumbe akamshika nguo kwa nguvu. Walilizunguka shimo wakiwa wameshikamana na ukuta, na walipopinda kona, mwanga ukawapiga machoni.

Paa la pango lilikuwa na ufa, na jua lilishuka humo kama nguzo mpaka juu ya ziwa dogo, safi, la kijani. Mbayuwayu waliingia na kutoka kwa mamia. Namkunda aliingia majini na nguo zake, akacheka mpaka akalia.

Jioni ile mizigo yote ilifunguliwa. Baadaye wanaume walitoboa ukuta wa pango upande wa kijiji, wakachimba mfereji.

Lakini kibuyu cha kwanza kilipelekwa kwa mama mkongwe. Alikunywa taratibu huku wakimsimulia, akafuta midomo, akamgeukia mwanawe.

"Sasa, Kirumbe, mliyaonaje maji katika giza lile?"

"Hatukuyaona, mama," alijibu Kirumbe. "Mwenge ukizimika, sikio huwaka."