Kifurushi cha Mama wa Sajini

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole, maana mwisho wa hadithi hii nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika kijiji cha Lihangwe walikuwako wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Paskalina Hyera, mjane, alikuwa na mkono wa dagaa. Aliwakaanga kwa ndimu, tangawizi na pilipili kichaa mpaka wakakauka vizuri, na aliyewaonja mara moja hakuwasahau. Eufrasia alikuwa fundi wa sindano. Mshono wake ulipishana kama miiba ya samaki, na kila aliyejaribu kuuiga aliishia kufumua. Koleta alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na kipaji chake kilikuwa macho: akiuona mwandiko wako leo, hata baada ya miaka kumi atakuambia ni wako.

Wote watatu walikuwa na mtu vitani. Jeshi lilikuwa limepeleka vijana nchi ya jirani kulinda daraja chini ya kilima kimoja cha baridi. Huko alikuwako Kastuli, mtoto pekee wa Bi Paskalina. Damasi, mume wa Eufrasia. Na Longino, kaka yake Koleta.

Kila mwezi wanawake wa Lihangwe walikusanya vifurushi: dagaa, karanga, kahawa, soksi, barua. Eufrasia akavishona ndani ya kitambaa cha marekani, wakavipeleka kwenye ghala la kambi ya Mkulungo, ambako lori la mpakani lilipakiwa. Miezi ya mwanzo barua zilizorudi zilikuwa za kicheko. "Siku ya lori," aliandika Damasi, "hata mwenye homa huamka. Juzi dagaa wa Mama Hyera tumegawana mmoja mmoja kama komunyo, kisha tukaimba mpaka kamanda akaja kuuliza ni harusi ya nani."

Dagaa hao Bi Paskalina aliwatoa kwa ajili ya watoto wa wenzake. Kwa jina la Kastuli hakutuma kitu. Kijana alijiunga na jeshi bila ridhaa yake, na siku ya kuondoka mama alisimama mlangoni akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, mimi si mama yako tena." Kastuli akavuka.

Hasira ya mzazi ni moto wa mabua, lakini ya Bi Paskalina ilichukua miezi minne kuzimika. Mwezi wa tano alitoa sandukuni mbeleko, ile kanga iliyopauka aliyombebea Kastuli mgongoni, akaikunja juu ya dagaa na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mwanangu, yale niliyasema kwa hasira. Radhi zangu unazo zote. Nijibu."

Hakujibiwa.

Mwezi huohuo ghala lilikuwa limepata mkuu mpya, Sajini Tondola, mtu wa tabasamu pana. Kila kifurushi alikipokea kwa mikono miwili na kukiandikia risiti. "Vitafika, mama zangu," alisema. Kule kilimani lori likafika na risasi na unga tu. Madereva walirudia walichoambiwa ghalani: nyumbani hawakuleta kitu. Ikawa hivyo miezi sita.

Sasa oneni moyo ukikosa chakula unavyokuwa. Damasi alimwandikia mkewe mstari mmoja: "Usinisubiri, aliyenisahau nami nimemsahau," akahamia kwa mwanamke wa karibu na daraja. Longino, ambaye hakuwahi kuchelewa lindo hata siku moja, aliilaza bunduki yake chini asubuhi kweupe, akashika barabara. Alipoulizwa anakwenda wapi, akasema, "Nakwenda kuona kama kwetu bado kupo." Waasi walipita palepale alipopaacha wazi. Kastuli alikuwa wa kwanza kuwakabili, na hakuona jua likitua.

Longino alivuliwa sare akarudishwa kijijini, na tangu hapo hasemi na mtu. Bi Paskalina aliletewa jeneza, pamoja na karatasi iliyokutwa mfukoni mwa mwanawe: "Mama, bado hujanisamehe? Kila lori likija mimi husimama mbele."

Mazishini hakulia. Wanawake walipomshika mabega wamwambie alie atue mzigo, alijibu, "Machozi yangu nayaweka. Kuna mtu nitamlipa nayo."

Alikwenda Mkulungo, akapewa sanduku la vitu vya marehemu. Njaa ikamwingiza kwenye mgahawa nje ya lango la kambi, akaagiza ugali kwa dagaa. Tonge la kwanza alilirudisha sahanini. Ndimu ile, tangawizi ile! "Hawa nimewakaanga mimi," alimwambia mwenye mgahawa. Mwenye mgahawa akacheka: "Mama, dagaa ni dagaa." Bi Paskalina aliinuka, akaacha sahani na sanduku la mwanawe papo hapo, akarudi Lihangwe kuwaita wenzake.

Alimwita Eufrasia. Koleta alijiita mwenyewe, akasimama uani.

"Wewe sitaki kukuona," Bi Paskalina alimwambia. "Ndugu yako ndiye aliyewaachia wauaji mlango wazi."

"Ndiyo, shangazi," akasema Koleta. "Na mimi namtafuta aliyemvunja ndugu yangu moyo mpaka akaiacha bunduki. Usiponichukua, nitakwenda peke yangu."

Wakaenda watatu. Eufrasia aliomba kupeleka kifurushi chake mwenyewe mpaka ndani ya ghala. Pale alikuta vifurushi vya mwezi ule vimefichwa nyuma ya magunia ya unga, vyembamba, mshono wake umefumuliwa na kurudiwa kwa sindano ya gunia ili kwa mbali vionekane vizima. Alijua basi kwamba havikuibwa njiani. Vilifunguliwa humohumo. Koleta naye alinunua karanga za kufungiwa karatasi kwenye kibanda cha jirani. Alipoikunjua karatasi ya karanga, aliona mwandiko wa Bi Paskalina: "Radhi zangu unazo zote." Akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na maagizo kwa mwenye mgahawa: dagaa leo, kahawa Ijumaa, kanga moja kuukuu tupa. Mwandiko ulikuwa uleule wa risiti za Sajini Tondola.

Alimpa Bi Paskalina karatasi ile. Mama aliisoma upande huu, akaisoma upande wa pili. Alipofika kwenye lile neno "tupa", aliikunja karatasi, akauliza njia ya kwa mkuu wa kambi.

Meja Kilowoko, mkuu wa kambi, aliwasikiliza wote. Aliwaambia waziwazi kwamba dagaa peke yao wangekuwa maneno ya mgahawani. Mshono peke yake ungeonyesha kosa bila mkosaji. Karatasi peke yake Sajini angesema aliiokota. Lakini vitu vitatu vilivyosimama pamoja, hakuna wa kuviangusha.

Sajini aliletwa. Hakukana. "Afande, ni vitu vidogo tu," alisema. "Dagaa, soksi, vitambaa. Sikuuza hata risasi moja."

Bi Paskalina alimfuata mpaka pumzi zao zikakutana. "Umemzika mwanangu bila mama," alimwambia. "Naomba Mungu anipe uhai mrefu, nikuone ukiomba maji na kukosa wa kukupa."

Mahakama ya jeshi ilimhukumu Tondola kifungo cha miaka saba. Watu walidhani wale wanawake wangeridhika. Bi Paskalina hakuridhika. Alipanga chumba karibu na kambi, na kila Jumapili aliketi mkabala na lango la mahabusu, akingoja kusikia kwamba mle ndani mtu ameanza kulia. Askari walimwambia kwamba Sajini hali chakula wala hasemi. Jambo pekee analouliza kila lori likiingia ni kama kuna kitu chake kutoka nyumbani. Aliposikia hivyo, Bi Paskalina alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kile kilimtisha yeye mwenyewe.

Mwezi wa tatu wa kifungo, kitu kikaja. Mama yake Tondola, kikongwe asiyeona vizuri, alikuwa ametembea siku mbili kukileta: kifurushi cha kaki kilichofungwa kwa kamba ya katani, kikinuka mihogo ya kuchoma. Alikiacha langoni akarudi zake.

Meja akawaita wale watatu, akakiweka mezani.

"Sheria yangu ilishafanya kazi yake," alisema. "Hiki kifike kwake au kisifike, nawaachia ninyi. Ila aamue mmoja. Vinywa vitatu sitavifuata."

"Mimi," akasema Bi Paskalina. "Mimi ndiye niliyemtambua mwizi, na hasara yangu imo kaburini. Kichomwe, na moshi wake apelekewe aunuse."

"Hapana, mimi," akasema Eufrasia. "Bila mshono wangu mngekuwa bado mnamsaka dereva. Aliyekufa amepumzika, mume wangu yu hai na ni wa mwingine. Nipeni nikifumue, nijaze mawe, nikishone. Akipokee kwa furaha, akifungue."

Koleta akasema wa mwisho. "Mwandiko ndio uliomfunga, na mwandiko niliutambua mimi. Kiwekwe kwenye rafu nje ya dirisha lake, akione miaka saba bila kukigusa. Kaka yangu naye yuko hivyohivyo. Nyumbani anapaona, kuingia hawezi."

Bi Paskalina alikigusa kile kifurushi. Juu yake, chini ya kamba, kulikuwa na kanga iliyokunjwa, kuukuu kama ile ya kwake. Hakujua kama ni chuki au kitu kingine kilichomshika, lakini mkono hakuuondoa. Eufrasia akashika kamba. Koleta akaweka kiganja juu ya mikono yao wote wawili, na hakuna aliyeachia.

Meja anangoja. Sajini amelisikia lori, na amesimama dirishani. Na nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza: ni nani kati ya watatu hawa mwenye haki ya kuamua juu ya kifurushi kile? Nawe ungekuwa yeye, ungekifanyaje?