Nguchiro, Pimbi na Mateka wa Mpakani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi milangoni na kuazimana chumvi, nchi yao ilikatwa vipande viwili. Simba alijitwalia milima, akaiita Majabalini. Kifaru akajitwalia mabonde, akayaita Mabondeni. Katikati wakajenga ua wa miiba. Mwenye shangazi ng'ambo akabaki kumpungia mkono kwa mbali. Wananchi waliulizwa? Thubutu! Wakubwa wakishaamua, nani huulizwa?

Huko Majabalini aliishi Nguchiro, mwembamba, mwepesi, macho hayatulii. Simba alimfanya mpelelezi wake. Na ili asitoroke, alimchukua mama yake Nguchiro akamfungia katika zizi nyuma ya jumba lake.

"Niletee habari za Kifaru," Simba alimwambia. "Kazi ikiisha, utampata mama yako."

Nguchiro akapenya chini ya miiba, churu! Kufumba na kufumbua yuko sokoni Mabondeni, anauza mayai ya kuchemsha na chumvi ya pilipili. Alisikiliza, akapeleka habari. Kazi ikaisha, Simba akampa nyingine. Hiyo nayo ikaisha, akapewa nyingine tena. Kila aliporudi alimkuta mama yake amekonda zaidi na Simba amenenepa zaidi. Kifua cha Nguchiro kilichemka kuliko sufuria yake ya mayai, lakini angesema nini?

Siku moja Simba akamwita.

"Kuna mpelelezi wa Kifaru anayewanasa watu wangu pale sokoni. Mtafute, unikatie mkia wake uniletee. Mwezi ukiandama kabla sijauona huo mkia, mama yako ni kitoweo."

"Na nikiuleta, Mtukufu, mama yangu atafunguliwa?"

"Tutaona," Simba alijibu, akapiga mwayo, aaaah, mpaka magego yote yakaonekana.

Mwayo ule ulimuuma Nguchiro kuliko vitisho. Maisha ya mama yake yalikuwa kitu cha kujibiwa kwa usingizi. Alirudi sokoni akiwa amekasirika hata wateja wakaogopa kuomba chumvi.

Jirani yake pale sokoni alikuwa Pimbi, mfupi, mviringo, mwenye sauti ya upole, aliyekaa nyuma ya rundo la mikeka. Kila siku waligombania kivuli. "Sogeza mikeka yako, jirani." "Sogeza wewe moshi wako." Lakini mvua ikinyesha walijibanza wote wawili chini ya mkeka mmoja, wakila mayai yaliyobaki.

Pimbi alipoona uso wa jirani yake umevimba kwa hasira, akamwalika nyumbani kwake kwa chakula cha mchana.

Walikula ugali na mlenda. Nguchiro alishiba, akanawa, na pembeni mwa sahani akabakiza tonge moja. Alilibakiza bila kufikiri. Kwao Majabalini kila mlaji hubakiza tonge la mwisho kwa ajili ya atakayechelewa kufika. Mabondeni sahani hufutwa kwa kidole mpaka ing'ae, na anayebakiza amemtukana mpishi.

Pimbi akalitazama tonge lile. Akainuka, akaenda kufunga mlango. Kacha!

"Jirani," akasema, "wewe si wa huku."

Nguchiro akashika kisu chake cha kukatia mayai. "Na wewe si msusi wa mikeka. Tangu nikujue sijaona mtu akinunua hata mmoja."

"Ni mibaya," Pimbi akakiri. "Sijui kusuka."

"Kwa hiyo ni wewe unayenasa watu wetu. Geuka, nikate mkia wako. Nina mama wa kumkomboa."

"Mkia?" Pimbi akageuka taratibu, akamwonyesha. Wanangu, pimbi hana mkia. Hana hata wa kusingizia.

Nguchiro akabaki na kisu mkononi.

"Mimi nimeagizwa pembe zako," Pimbi akasema. "Kifaru anaamini kila kiumbe chenye akili kina pembe. Nisipozipeleka, mdogo wangu atakanyagwa mbele ya watu. Amemfunga kwenye matope tangu nilipoanza kazi hii."

Nguchiro, ambaye hana pembe hata moja, akakaa chini. Akacheka kicheko kibaya, kisicho na furaha hata chembe.

"Miaka yote hii tunawafia, na hawajui hata tumeumbwaje."

"Hawajawahi kuinamisha shingo watutazame."

"Mbona hukunikamata mara ulipoliona tonge?"

Pimbi akalisogeza lile tonge kwa kidole. "Bibi yangu alizaliwa kwenu kabla ya ua. Mpaka anakufa alibakiza tonge, na babu yangu alinuna mpaka anakufa. Nilipoliona nilimkumbuka. Hasira zikanipanda, lakini si juu yako."

"Basi tukasirike pamoja," Nguchiro akasema, akarudisha kisu kiunoni. "Kama hawatujui, tuwauzie huko huko kutojua kwao."

Wakanong'onezana mpaka jua likapinda. Kisha kila mmoja akaenda kwa mkubwa wake.

"Mtukufu," Nguchiro akamwambia Simba, "mpelelezi wa Kifaru nimempata. Yumo humu humu kwako. Ni yule kikongwe wa zizini."

"Si mama yako yule?"

"Ni mama yangu, na aibu ni yangu. Unapozungumza na wakuu wako yeye anasikiliza, kisha anapeleka maneno ng'ambo."

Ngrrrruu! Simba akaruka na kucha zake nje. "Namla sasa hivi!"

"Utakula ngozi na mifupa, Mtukufu. Lakini Kifaru anamtaka mno. Yuko tayari kukurudishia yule mtu wako shujaa aliyemfunga matopeni, mbadilishane hadharani pale kwenye mawe ya mpakani."

Simba akakuna shingo. Hakumjua mtu yeyote shujaa aliyefungwa matopeni. Lakini mfalme atakubali vipi mbele ya mtumishi kwamba hawajui watu wake?

"Aa, yule," akasema. "Yule wangu. Nimemkumbuka sana."

Na kule Mabondeni Pimbi alikuwa akimweleza Kifaru hadithi ile ile, kwamba mdogo wake ndiye jasusi wa Simba, na kwamba Simba anamshikilia bibi mmoja, mtumishi mkongwe wa Kifaru. Kifaru akapumua puani, pfuu. "Bibi yule! Hodari kweli. Nilimpa kazi mwenyewe." Muongo mkubwa.

Siku ya mabadilishano ikafika. Simba akasimama upande wake wa ua, Kifaru upande wake, na katikati, palipoachwa pengo, palikuwa na lundo la mawe makubwa. Ilikubaliwa kila mpelelezi ampeleke mateka wake katikati ya mawe yale, wapokezane, kila mmoja arudi na mtu wa mkubwa wake.

Nguchiro alikuwa amemfunga mama yake kamba kiunoni. Walinzi hawakuwaacha peke yao hata dakika moja, kwa hiyo mama hakujua lolote. Alichojua ni kwamba mwanawe amemshtaki.

"Ngoja," Simba akasema. "Mtemee mate huyo msaliti. Nataka kuona."

Nguchiro akatema chini, karibu na miguu ya mama yake.

"Usoni."

Damu ilimpanda kichwani. Alitamani kuruka amng'ate Simba pua, afe hapo hapo na yaishe. Lakini ng'ambo ya mawe Pimbi alikuwa amesimama na mdogo wake, wanamngoja. Akikosea yeye wanakufa wote wanne. Akamtemea mama yake usoni. Mama hakujifuta. Alimtazama tu, na Simba akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wakafika katikati ya mawe. "Huku, mama," Pimbi akanong'ona, akaonyesha ufa mwembamba chini ya jiwe. Mawe ndiyo nyumba za ukoo wa Pimbi tangu enzi, na nyufa zake alizijua zote. Churu! Mdogo wake akaingia. Churu! Mama, kisha Nguchiro, kisha Pimbi mwenyewe akijivuta tumbo.

Nje wakubwa wakangoja. Wakangoja sana.

"Kifaru! Mtu wangu yuko wapi?"

"Wako? Bibi yangu mimi yuko wapi?"

"Umewaficha wote wawili, mwizi wewe!"

"Mwizi nani? Mimi?"

Kifaru haoni mbali, lakini tusi analisikia vizuri. Akaja mbio, gudu gudu gudu, puu! Simba akamdandia mgongoni, kucha ndani. Wakabiringishana juu ya ua wao wenyewe mpaka miiba ikalala chini eneo kubwa, na mmoja alitoka pale na pembe iliyovunjika, mwingine na jicho moja. Wanyama wa pande zote mbili wakasimama kutazama, na hakuna aliyekwenda kuwaamulia.

Ndani ya ufa, Mama Nguchiro akachukua pindo la kanga yake, akajifuta uso polepole. Kisha akamzaba mwanawe kofi. Paa!

"Mama, ilikuwa hila," Nguchiro akasema. "Nilikuwa nakukomboa."

"Nimeshaona kwamba ilikuwa hila. Lakini tangu zizini mpaka kwenye mawe haya nilitembea nikijua nimezaa msaliti. Kama ningekufa njiani, ningekufa najua hivyo."

Nguchiro alipiga magoti, akashika miguu ya mama yake, akalia kwa hasira na kwa aibu. Pimbi na mdogo wake wakatazama pembeni. Mama akamwacha alie kwanza, kisha akamwekea mkono kichwani.

Basi wanangu, mkubwa anayewatuma wadogo bila kutaka kuwajua ni rahisi kumdanganya, lakini hata anapoanguka, wadogo ndio hubaki na la kusameheana.