Pimbi na Shule ya Mlango Mmoja

Sogeeni, wanangu. Zamani sana, wanyama walipokuwa na serikali zao, palikuwa na jimbo dogo kisiwani, lenye baridi ya kukata masikio. Chui alikuwa Waziri Kiongozi. Fisi alikuwa Waziri wa Ujenzi, Nyati wa Kilimo, na Pimbi, mama wa watoto wawili, mdogo kuliko wote pale mezani, alikuwa Waziri wa Elimu.

Baraza hilo lilikuwa na sheria moja: likishaamua, mawaziri wote husema neno moja. Asiyekubali hujiuzulu, akarudi kwake peke yake kupitia kichakani. Sungura, Waziri wa Elimu kabla ya Pimbi, alibishana na Fisi akajiuzulu. Hakufika kwake. Mkewe alimngoja mlangoni hadi uji ukaganda. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Basi asubuhi moja Fisi akasimama barazani.

"Waheshimiwa, vishule hivi vya mashimoni vifungwe. Nimejenga shule moja kubwa ya bweni, kule bondeni kwangu. Kuta za mawe, hakuna madirisha, baridi haiingii. Watoto watalala hukohuko."

"Ina milango mingapi?" Pimbi akauliza.

"Mmoja. Watoto wasije wakapotea."

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi, mama. Usiwe na wasiwasi." Akalamba midomo, mlap, mlap.

Pimbi akageuka kutafuta msaada. Akamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake. Chui alikuwa amefumba macho, anataka kikao kiishe.

"Waziri wa Elimu," Chui akasema, "unakubali au unajiuzulu?"

Pimbi akakifikiria kile kichaka. Akawafikiria watoto wote wa kisiwa wamelala gizani, na ufunguo ukizunguka mlangoni, krii. Miguu ikamtetemeka chini ya meza.

"Nakubali, mheshimiwa." Sauti ilitoka nyembamba. "Ila baraza letu ni moja. Tukiwapeleka watoto wa raia tu, wazazi watasema tunawaficha wa kwetu. Watangulie wangu wawili, na wa kwako pia."

Chui akafumbua jicho moja. "Wangu bado wadogo. Watapata baridi."

"Nitawashonea watoto wote makoti mazito yanayofanana, yenye kofia ya kufunika uso mzima. Wakilala, hutajua yupi wa chui na yupi wa panya."

"Vizuri. Wataenda." Chui akafumba jicho lake.

Fisi akaacha kulamba midomo.

"Wa Waziri Kiongozi wavae makoti mekundu," akasema.

"Gizani wekundu hauonekani," Pimbi akajibu.

"Basi walale chumba chao."

"Jengo lako lina chumba kimoja, mheshimiwa."

"Basi wafungwe kengele shingoni."

"Watoto wa kiongozi, kengele kama mbuzi?"

Jasho likaanza kumtiririka Fisi, na baridi yote ile. "Sasa mimi nikiingia usiku nitawatambuaje?"

Nyati akainua kichwa. Nje upepo ukavuma, vuuu.

Chui akafumbua macho yote mawili. "Uwatambue wa nini?" akauliza kwa upole.

"Ili... ili nisije..." Fisi hakumaliza.

Chui akainuka taratibu. Fisi akaruka dirishani, pwaa, vioo vikatawanyika. Alikimbia hadi ufukweni, pumzi ya Chui ikimgusa mkia, akajitupa kwenye maji ya barafu. Hakuonekana tena kisiwani.

Vishule vya mashimoni havikufungwa. Lakini mawaziri walipotoka, Nyati alimkuta Pimbi bado ameketi.

"Twende, mama."

"Siwezi kusimama. Miguu imekataa."

Nyati akainama, akambeba mgongoni. Walipofika nje akamwuliza, "Na kama Fisi angenyamaza?"

Pimbi akatazama upande wa bondeni.

"Wangu wawili wangeingia mle ndani," akasema, akaficha uso kwenye manyoya ya Nyati.

Na hapo ndipo yalipokomea, wanangu: anayetaka kukaa na watoto wako, mwulize kila swali, hata kama unatetemeka.