Jina la Mtoto wa Faki

Kaeni mnisikilize, na mwenye usingizi akalale kwao.

Palikuwa na Raya, mwenye masikio: kuku wa jirani akikohoa, yeye kashasikia. Palikuwa na tabibu Shaame wa hospitali ndogo ya kijijini, mwenye ukaidi: ukimwambia ngoja, hangoji. Palikuwa na daktari Nunuu wa hospitali kubwa ya mjini, mwenye mikono isiyotetemeka. Na palikuwa na Mize, ambaye hakuwa na kipaji ila mume, tena nusu, maana nusu nyingine ilikuwa ya Raya, mke mkubwa. Wake wawili, ukuta mmoja kati yao, na salamu haivuki.

Msimu wa karafuu, Faki mume wao alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akafikia kichwa. Akazirai kidogo, kisha akainuka akicheka. "Mti umenishusha kabla sijamaliza kuchuma!" Akaenda kwa Mize kwa miguu yake, akala muhogo, akasema kichwa kinamgonga, akalala. Mize, na mimba yake kubwa, akamfunika shuka, akakaa kumpepea. Waliokuja kumjulia hali aliwafukuza: "Shii! Mwacheni apumzike."

Kumbe anampepea mtu anayekufa.

Raya, upande wa pili, akasikia mkoromo. Akaingia bila hodi.

"Umefuata nini? Zamu yangu hii," akasema Mize.

"Zamu chukua. Mume huyu hajakoroma tangu anioe. Mwamshe!"

Mize akamtikisa. Akamfinya. Akampiga kofi. Faki akakoroma tu. Upepeo ukamdondoka Mize mkononi.

Wakambeba hadi kwa Shaame, tochi ikamulika macho: mboni moja ndogo, ya pili imetanuka, mwanga haiujali. "Damu inavilia ndani ya fuvu, inaukandamiza ubongo. Hapa sina cha kumfanyia. Anakwenda mjini sasa hivi."

"Apumzike kwanza, tabibu," jamaa wakaomba. "Barabara ile itamuua."

"Kupumzika ndiko kunakomuua!"

Akapiga simu mjini wajiandae, akamfunga shingo isicheze, akapanda gari la wagonjwa mwenyewe, njia nzima kamshikilia taya ulimi usimzibe pumzi. Walipofika, vidole vyake havikunjuki.

Nunuu alikuwa keshavaa buibui aende zake. Simu ile ikamrudisha. Akalitoboa fuvu, damu iliyovilia ikatoka.

"Mngechelewa kidogo," akamwambia Mize baadaye, "ningetoboa kichwa cha maiti."

Mize akakaa sakafuni. Alikuwa akiliona shuka lile alilomfunika kwa mkono wake, na hakuona tofauti yake na sanda.

Faki alipozinduka, neno lake la kwanza likawa: "Nani kaninyoa upara?" Wanaume!

Mize akajifungua msichana. Sasa, ukoo ule una desturi: aliyeiondolea nyumba msiba ndiye humpa mtoto jina, na mpa jina ni mzazi wa pili, kila msimu wa karafuu mtoto hukaa kwake. Jina ni moja, halikatwi vipande.

Siku ya jina wakaja wote watatu. Nunuu alisema hataki kitu, lakini asiyetaka kitu haji na kanga mpya.

"Mliniletea mtu anayekufa," akasema. "Kamrudisha nani?"

"Ungerudisha nini, daktari, angefika hana pumzi?" akajibu Shaame.

Raya, ambaye hakuwahi kuzaa, akawatazama. "Nyinyi mlimwona alipoletwa mbele yenu. Mimi nilimwona na ukuta katikati."

Faki akaulizwa. "Mimi nilikuwa nimelala," akasema, akaendelea kula.

Basi macho yote yakamgeukia Mize. Akampakata mwanawe kwa nguvu. Akimtaja Raya, mtoto anakwenda kulelewa na mke mwenzake. Akimruka Raya, kila mtu pale anajua nani alikuwa akipepea na nani alisikia. Na tabibu je, na vidole vyake? Na daktari je?

Haya, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe ndiye Mize, mtoto ungemkabidhi nani?