Kwa Nini Andazi la Pombe Huwa Tupu Ndani

Kabla mafuta ya kukaangia hayajajifunza kulia, yalikuwa kimya. Ulibandika chungu, ukamimina mawese, yakapata moto bila neno, na chochote ulichotumbukiza humo kiliiva bila neno. Maandazi ya wakati huo nayo hayakuwa na nafasi ndani. Yalikuwa mazito toka ngozi mpaka moyoni. Ukila mawili unatafuta pa kulala. Nyinyi mnaoyapasua leo mkakuta kijumba kitupu ndani yake mnadhani ndivyo yalivyoumbwa. Sivyo. Kile kijumba kina mwenyewe.

Kwenye milima ya michikichi aliolewa mwanamke mmoja aliyeitwa Nyandwi. Mumewe, Ruhuza, alikuwa akienda kila kiangazi kwenye visima vya chumvi, akachemsha huko mpaka mvua zikaribie. Walikuwa na binti mchanga, Keza, ndiyo kwanza anaota meno. Na palikuwa na mama mkwe. Bibi Ntahondi hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa unaamka kabla yake. Watu husema alimpenda sana mkwewe. Watu hao hawakuwahi kula naye sahani moja.

Lililomkera Nyandwi lilikuwa dogo tu. Kila akikaanga maandazi, unga wa muhogo na ndizi mbivu zilizopondwa, Bibi Ntahondi alichukua moja, akaligonga kwenye kigoda, akatega sikio kama anayenunua chungu, kisha akauliza mbele ya watu, "Mkwe wangu, hili nile au nivae?" Jirani yao, Mama Gwimo, ambaye hakuna harufu ya jikoni iliyowahi kumpita, akayapa jina: makubazi ya Nyandwi. Jina likashuka mlima, likapanda mwingine. Mwanamke anaweza kusemwa uvivu, akasemwa uchoyo, akavumilia. Lakini chakula chake kikishapewa jina, hilo hufa naye.

Basi kiangazi kimoja, Ruhuza akiwa kwenye chumvi, ikaletwa habari kwamba ndugu zake Bibi Ntahondi wanakuja kumwamkia. Nyandwi akajua maandazi yatatakiwa, na kugongwa yatagongwa.

Sasa, katika kila nyumba ya huko, nyuma ya nguzo kuu, palikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi uliotengwa kwa waliotangulia. Ilimwagwa ardhini siku ya kupanda, basi. Haikunywewa, wala haikuonyeshwa moto, kwa kuwa waliokufa wamekwisha kuagana na moto na si vizuri kuwakumbusha. Nyandwi alikuwa akifagia karibu na mtungi ule kila asubuhi, na kila asubuhi aliliona povu likipanda mpaka ukingoni, likitulia, likipanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Akawaza, laiti unga wangu ungepumua hivi. Akajiambia pia kwamba kilichokatazwa ni kunywa, na yeye hakuwa na nia ya kunywa. Wajanja wengi wameanzia hapo. Akachota upawa mmoja, akapondea unga.

Rojo likaumuka. Likajaa chombo, likatoa matundu madogo yaliyopasuka yenyewe. Nyandwi akachota tonge la kwanza, akalitia kwenye mafuta, na mafuta yakalia. Yalilia kwa sauti nyembamba, ndefu, ya kitu kilichoguswa mahali penye kidonda. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Mkono wake ukabaki hewani na mwiko wake. Na ndani ya kile kilio, chini kabisa, mtu akasema, "Hodi."

Mwanamke wa milima ile, hata awe na mtoto mdomoni mwa chatu, akisikia hodi huitika. Haipiti kwenye akili. Ni kama kupepesa jicho mavumbi yakija.

"Karibu," alisema Nyandwi.

Hakuingia mtu. Mlango ulikuwa wazi, ua ulikuwa mweupe kwa jua, kuku walikuwa wakiparua. Lakini kigoda cha mgeni, kile cha karibu na mlango, kikalia kidogo kisha kikatulia, jinsi vigoda vinavyofanya vikipata mtu. Nyumba ikanuka machicha ya pombe. Na juu ya kigoda hewa ikawa inatetemeka, kama inavyotetemeka juu ya chungu cha mafuta ya moto. Nyandwi alitamani kukimbia. Akafanya alilofundishwa tangu utoto kumfanyia mgeni: akaweka andazi juu ya jani, akalisogeza mbele ya kigoda kwa mikono miwili.

Halikuguswa. Hata hivyo jani likainuka kidogo, kama lililopunguziwa mzigo. Nyandwi akalichukua lile andazi, akalipasua. Ngozi ilikuwa nzima, nzuri, imeiva vizuri. Ndani hamna kitu.

"Ahsante," ikasema sauti ya mafuta. "Bado."

Ndugu wa Bibi Ntahondi walipofika walikula maandazi yale mepesi wakashangaa, wakadai kuonyeshwa yanavyotengenezwa. Bibi akaligonga lake kwenye kigoda, likapasuka, ikabidi anyamaze. Mama Gwimo alikula, akafunga mengine kwenye nguo, akasema yeye tangu mwanzo aliwaambia watu mikono ya Nyandwi ni mizuri. Ingekuwa siku ya furaha. Lakini Nyandwi aliwaangalia wageni wakiinuka mmoja mmoja kwenda zao, na hakuna hata mmoja aliyekalia kile kigoda cha mlangoni, ingawa nafasi zilikuwa chache. Walikipita tu kwa kukizunguka, bila kujua kwa nini.

Akamweleza mama mkwe. Bibi Ntahondi akaitazama ile hewa inayotetemeka juu ya kigoda. Kisha akauliza, "Nani alimkaribisha?"

"Mimi, Mama."

"Basi ni mgeni. Na katika nyumba ya mwanangu mgeni hafukuzwi. Ashibe, ataondoka."

Hakushiba. Nyandwi alipochambua maharage kesho yake, yalivunjika vidoleni yakawa maganda. Ndizi zilizoning'inia darini zilionekana zimejaa, ukizishika zinabonyea. Mama Gwimo alikuja kuazima mayai, akayarudisha anafoka, mazima bila ufa, na ndani makavu kama kibuyu. Mbuzi akakutwa amesimama kwenye kamba yake. Upepo ukaja, ukamwangusha, akabingirika uani kama kikapu. Na kila kitu kikiisha, sauti ile ilishukuru kwa adabu, ikaongeza neno lake moja: bado.

Kisha kikohozi cha Bibi Ntahondi kikaanza kusikika kama kinatokea ndani ya mtungi. Akipiga chafya, inarudi mara ya pili. Nyandwi alisikia, akageuza uso. Alasiri moja alirudi kutoka kisimani akamkuta mama mkwe ameketi kwenye kiti chake, macho wazi, anatazama uani. Akamwamkia. Akamwamkia tena. Akamgusa bega, na bibi akainama upande, taratibu, akatoa mlio wa kibuyu kikavu kikigusa ukuta.

Wanaume waliombeba kwenda kuzika walitazamana mara moja tu njiani, na mpaka leo hakuna anayejua waliambiana nini kwa macho. Msibani Mama Gwimo alinong'ona kwamba Nyandwi alimlilia mkwewe kwa jicho moja. Aseme. Hakujua jicho la pili lilikuwa linalia nini. Asubuhi ya siku hiyo Nyandwi alikuwa amemnyanyua Keza kumnyonyesha, na mikono yake ikapanda juu kuliko alivyokusudia, kama unavyoinua ndoo uliyodhani ina maji.

Akakimbia. Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbilia kwa Mama Gwimo, akaomba alale hapo. Mama Gwimo, pamoja na mdomo wake, alimpokea na kumtandikia mkeka. Nyandwi hajaketi sawasawa, kigoda cha mlangoni cha nyumba ile kikalia kidogo, kikatulia, na harufu ya machicha ikaingia. Mgeni humfuata aliyemkaribisha.

Mama Gwimo alikitazama kigoda chake. "Mwenzangu," akasema polepole, "nakupenda, Mungu anajua. Lakini nenda nyumbani na mtu wako."

Njia nzima Nyandwi alikuwa akipeleka mkono nyuma kumpapasa mtoto, kwa maana mgongo wake haukumsikia. Mtoto alikuwa yupo, joto, anacheka kicheko chembamba chenye mwangwi. Hapo ndipo hofu ilipomkaa Nyandwi vizuri, ikaacha kumtetemesha. Kumfukuza mgeni asingeweza, kwa sababu hakuna maneno ya kufanyia jambo hilo katika milima ile. Hakuna aliyewahi kuyahitaji. Yalikuwapo maneno ya kukaribisha na ya kuagana tu, na mgeni alikuwa hajaaga.

Alipofika aliwasha moto mchana kweupe. Akamimina kwenye unga pombe yote iliyobaki katika mtungi wa waliotangulia, akaponda, akakaanga. Mafuta yalilia, na chini ya kilio sauti ikaita hodi, ikaita tena, na Nyandwi akauma midomo yake mpaka ikatoka damu. Akayapanga maandazi kwenye kikapu, akafunika kwa majani ya mgomba, akafunga vizuri, jinsi anavyofungiwa mtu anayerudi kwao. Akamkaza Keza mgongoni. Akaenda akasimama kizingitini na kikapu mkononi, akainamisha kichwa, na kwa sauti ya mwenyeji aliyefurahi, iliyomtoka kama uzi, akasema:

"Mgeni wetu, umekaa nasi vizuri, umetuaga vizuri. Haya, karibu tena."

Hewa juu ya kigoda ikaacha kutetemeka. Mgeni yule hakuwa ameaga, na alijua hakuaga. Lakini naye alikuwa mtu wa milima ile kabla hajawa alivyokuwa, alilelewa na mama wa kule kule, na mtu wa kule akiambiwa karibu tena, kikapu kimeshafungwa, mwenye nyumba amesimama mlangoni, hufanyaje? Kubaki ameketi ni aibu ambayo hata kaburi halimfundishi mtu kuivumilia. Kigoda kikalia.

Nyandwi akamsindikiza. Mgeni hutangulia, mwenyeji hufuata, na hivyo ndivyo walivyoshuka: mbele yake majani yalikuwa yakiinama bila upepo, na yeye nyuma, kikapu mikononi, akiogopa kukohoa. Mgongoni hapakuwa na kitu ila kitambaa. Hakuthubutu kupapasa tena.

Kwenye kijito kinachotenganisha kijiji na makaburi, majani yakaacha kuinama.

"Umesema tena," ikasema sauti. "Lini?"

Nyandwi akapima. Akitaja siku, siku hiyo itafika. Akisema siku yoyote, itakuwa kila siku. "Siku mafuta yatakapolia," akasema.

"Nitakula nini?"

"Kilichomo ndani ya andazi. Ngozi ni yetu."

"Na nani atanikaribisha?"

Nyandwi akafumba macho. "Hakuna. Utakula umesimama."

Akakiweka kikapu ukingoni mwa maji, akangoja. Alisikia majani yakifunguliwa, alisikia maandazi yakisinyaa moja moja. Halafu akasikia tena lile neno, "Bado," lakini safari hii lilitoka ng'ambo ya kijito. Na papo hapo uzito ukamrudia mgongoni, uzito wote, kama mtu aliyetupiwa gunia. Ukamwangusha magoti kwenye tope. Keza akalia kwa sauti nzito, iliyolowa, isiyo na mwangwi, na Nyandwi akabaki pale amepiga magoti, wala hakutaka mzigo ule umpungukie hata kidogo.

Ruhuza aliporudi na chumvi yake alikuta kaburi la mama yake na mke ambaye, akiwa jikoni, haitikii. Alipiga hodi kwake mwenyewe akasimama juani mpaka chungu kilipoepuliwa. Watu wakasema Nyandwi amekuwa na kiburi. Mama Gwimo akawaambia wanyamaze, na mjue hapo mambo yalikuwa makubwa. Keza naye alikua, akaolewa, akazaa. Ila siku za upepo mama yake alimshika mkono wakivuka uwanja, mpaka alipokuwa mkubwa wa kuchukia kushikwa.

Na tangu siku hiyo mafuta ya moto hulia rojo likiyagusa, na anayekaanga maandazi ya pombe haitikii hodi, hata angekuja mama mkwe na mizigo kichwani. Akilazimika sana, husema "karibu tena" mtu akiwa bado hajavuka kizingiti, na mwenye akili hachukii. Huzunguka uani akangoja. Siku hizi unga ni wa ngano na pombe hutoka kwenye chupa, lakini chupa haijabadili kitu, sikilizeni wenyewe chunguni. Ukipasua andazi lako ukakuta patupu, kula ngozi ushukuru, mwenye fungu lake ameshakula na amekula amesimama. Ila siku utakayolipasua ukalikuta limejaa, zima moto, nenda kamnyanyue mtoto.