Fisi na Sheria ya Harufu

Basi ulikuwako mwaka jua liliposahau kupumzika, visima vya pembezoni mwa Mji Mkubwa vikakauka vyote. Kitongoji cha Mateteni kilibaki na kijito kimoja tu, kinachotoka kwenye kinamasi cha jirani. Sungura na wanawe wanane walikunywa hapo.

Fisi, tumbo mbele kama kawaida yake, alitaka kujenga machinjio Mateteni. Mji Mkubwa ulimkatalia: karibu na maji hapachinjwi. Akaenda kwa Simba, mkubwa wa Mateteni.

"Mtukufu, utaamriwa na watu wa mjini mpaka lini? Tujitenge, tuwe jiji. Wewe uwe meya."

Simba alisikia "meya" tu, mengine yalimpita. Sheria za jiji jipya akaandika nani? Fisi huyohuyo. Ya kwanza iliruhusu machinjio. Ya pili ilisema: "Chochote kinachonuka kitolewe nje ya mpaka." Na mpaka wenyewe aliuchora ukakiacha kinamasi nje, kisiwe cha mtu.

Damu, matumbo na mavi yakawa yanatupwa huko. Jiji liling'aa, Simba akatembea kifua mbele. Wiki ya pili kijito kikaja chekundu. Wana wa Sungura wakaanza kuharisha, na kitinda mimba akashindwa hata kusimama.

Sungura, roho mkononi, akaenda barazani. "Bwana Meya, maji yanatuulia watoto."

"Taka ziko nje ya mpaka," alisema Simba. "Sheria imefuatwa."

"Imefuatwa, Mtukufu. Ila maji hayakupewa nakala."

Fisi akacheka. "Taja kitu kimoja humu ndani kinachovunja sheria yangu."

Sungura aliziba pua, akamtazama Fisi. Baraza likaanza kunusa. Simba naye, aliyekuwa akivumilia kwa heshima tu, akanusa.

"Bwana Fisi, samahani sana," alisema. "Uliiandika mwenyewe. Toka, na machinjio yako uende nayo."

Fisi akahamia kinamasini. Siku tatu alikula matumbo kwa raha zake. Siku ya nne kiu ikambana, akainama kunywa, akatapika. Akasimama mpakani akiita:

"Jamani, huku nako ni kwenu. Kisafisheni hiki kinamasi, nakufa."

"Naam, ni kwetu," alisema Sungura, akamtupia koleo. "Anza na matumbo. Mimi nakuja na wenzangu."

Walichota taka mwezi mzima, na Fisi hakuruhusiwa kupumzika mpaka yule mtoto mdogo alipokunywa maji ya kijito na kusimama.